Kitufe kimoja, kazi sita: nyuma ya "Thibitisha" kunatokea nini?

Tangu serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, anayeuza kitu kwa ofisi ameongezewa kazi ya pili juu ya kuuza: makaratasi. Mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Makole, mama anayepeleka chakula kwenye semina, kijana wa kampuni ya usafi inayohudumia majengo ya Mtumba, wote wanadaiwa ankara, hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Herufi moja ikikosewa kwenye jina la taasisi, malipo yanasimama. Ndiyo maana siku hizi wauza programu za biashara wanakaribishwa kiti kuanzia Majengo mpaka Kisasa, na maneno yao yanafanana: "Bosi, unabonyeza hapa tu, mengine yanajiendesha yenyewe."

Mkanganyiko unaanzia hapo. Wafanyabiashara makini kabisa wanabishana kama kitufe hicho ni akili mnemba, kama kinaweza kuhamisha hela bila mwenyewe kujua, kama lazima umwajiri mtaalamu wa kompyuta wa kukaa nacho, na kama kikishawekwa basi karani aanze kutafuta kibarua kwingine. Wapo wanaolipia programu mwaka mzima kwa ajili ya kitufe ambacho wangeweza kujiwekea wenyewe kwenye jedwali la Excel au Google Sheets wanalofungua kila asubuhi. Wapo pia waliojiwekea, mteja akapokea ankara tatu za mzigo mmoja. Jambo hili linaeleweka vizuri tu likielezwa kwa utaratibu, na mwenye duka anastahili kulielewa kabla hajatoa hela yake.

Tuanze na maneno. Mtiririko wa kazi ni hatua zinazofuatana kuikamilisha kazi moja: oda inaingia, stoo inakaguliwa, ankara inaandikwa, mzigo unatoka, malipo yanapokelewa. Kila biashara inayo mitiririko hii, hata ile inayoendeshwa kwa daftari la kaunta. Mtiririko unakuwa wa otomatiki pale hatua zake, zote au baadhi, zinapofanywa na programu bila mtu kuzigusa moja moja. Na kichochezi ni tukio linaloiambia programu ianze: saa kumi na mbili jioni imefika, mteja amejaza fomu, malipo yameingia, au mtu amebonyeza. Kitufe, kwa hiyo, ni kichochezi mojawapo kati ya vingi. Kinachokitofautisha na wenzake ni kwamba kinamsubiri mtu.

Sifa hiyo ya kumsubiri mtu ndiyo inayotakiwa kuamua mambo yote yanayofuata. Kitufe kinastahili kuwekwa mahali penye uamuzi ambao lazima mtu aufanye kwa akili yake. Mahali pasipo na uamuzi, programu ifanye kazi yenyewe bila kumsumbua mtu. Ukishika hilo, nusu ya maswali yanayowasumbua watu yanajijibu.

Panda daladala ya Nkuhungu umtazame konda. Anaangalia kama abiria wamekaa, kama mama mwenye mtoto mgongoni ameshashika chuma, kama gunia limeingia lote, ndipo anagonga bodi. Gari linaondoka. Kiganja chake hakikusukuma gari, maana kazi hiyo ni ya dereva na injini. Lakini bila yeye kuamua kwamba wakati umefika, gari lingeondoka abiria mguu mmoja nje. Na akigonga kabla ya wakati, gari linaondoka vilevile, kwa sababu injini haina habari kama mama ameshakaa au la. Kitufe kwenye programu ni ile sauti ya bodi: kinapeleka taarifa kwamba mtu ameridhika. Kuendesha ni kazi ya wengine, na kuridhika ni kazi ya mtu.

Ndani ya oda moja

Tuseme una duka la jumla la mafuta ya alizeti. Hoteli imeagiza madumu 20 ya lita 20, kila dumu shilingi 87,000. Bila kitufe, karani anampigia mtunza stoo kuuliza mzigo uliobaki, anaupunguza kwenye daftari, anafungua ankara ya mteja aliyepita na kuibadilisha jina, anaihifadhi kama PDF, anaituma, kisha anampigia tena mtunza stoo amwambie atoe mzigo. Makosa mengi ya ofisi ndogo yanazaliwa kwenye ile hatua ya kubadilisha ankara ya zamani: jina limebadilika, tarehe imebaki ya mwezi uliopita, au kiasi kimebadilika na jumla ya chini haikubadilika.

Ukiweka kitufe "Thibitisha oda" kwenye jedwali la oda, karani anaandika mstari mmoja tu wenye tarehe, mteja, idadi na bei, anausoma, anabonyeza. Programu inasoma ule mstari. Inaangalia kwenye ukurasa wa stoo kama madumu 20 yapo. Yakiwepo, inayapunguza. Inachukua namba ya ankara inayofuata. Inajaza kiolezo cha ankara na kuzidisha yenyewe mpaka ipate 1,740,000, kisha inakigeuza kuwa PDF. Inamtumia mteja barua pepe, na mwisho inampelekea mtunza stoo ujumbe. Kazi sita, sekunde chache.

Hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji akili mnemba. Zote ni maagizo ambayo mtu aliyaandika mapema: soma, linganisha, punguza, jaza, tuma. Programu haijui alizeti ni nini. Ukiandika madumu 200 badala ya 20 na stoo ikawa na 300, itatoa ankara ya 17,400,000 bila kushtuka. Siku hizi zipo programu zinazochanganya akili mnemba ndani ya mtiririko, kwa mfano kusoma oda iliyokuja kwa picha ya karatasi, lakini hiyo ni hatua moja iliyopachikwa katikati, na kwa kuwa inaweza kusoma 1 ikadhani ni 7, ndiyo hasa inayohitaji jicho la mtu kabla ya kuendelea.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi: mpangilio wa hatua. Intaneti inaweza kukatika hatua ya nne ikiwa imepita na ya tano haijaanza. Umeme unaweza kuondoka. Ukiwa umepanga barua pepe itangulie na ukaguzi wa stoo ufuate, mteja atakuwa ameshapokea ankara ya mzigo ambao huna. Kanuni ninayoisisitiza kwa kila anayenisikiliza ni hii: hatua inayoweza kurudishwa itangulie, isiyoweza kurudishwa ije mwisho. Kupunguza stoo kunarudishika, unaongeza tena. Rasimu ya ankara inafutika. Barua pepe ikishaondoka imeondoka, na hela ikishatumwa ni safari nyingine. Kwa hiyo kagua kwanza, andika pili, tuma mwisho.

Kwenye hatua zisizorudishika kuna moja inayochanganya watu wengi. Ankara inayotengenezwa na jedwali lako si risiti ya kodi, hata uipambe vipi. Risiti inatoka kwenye mashine ya EFD au kwenye mfumo wa risiti unaotambuliwa na TRA, na ikishatoka haifutiki kwenye kumbukumbu. Kosa lake linarekebishwa kwa taratibu za kodi, huwezi kulirekebisha kwa kufuta mstari. Ikiwa programu yako imeunganishwa kihalali na mfumo wa risiti, kitufe cha kutoa risiti kikae peke yake, mbali na kitufe cha ankara, na kibonyezwe baada ya mtu kuisoma ankara kwa macho.

Kwa nini ankara tatu?

Mteja aliyepokea ankara tatu za mzigo mmoja alizipata hivi: karani alibonyeza, intaneti ilikuwa nzito, skrini haikuonyesha chochote, akabonyeza tena, kisha tena. Kila kubonyeza ni agizo kamili. Programu haina njia ya kujua kwamba ulikuwa unakumbusha tu.

Dawa yake inajulikana miaka mingi kwa wanaotengeneza mifumo ya malipo, na inaingia vizuri hata kwenye jedwali la duka. Kila oda ipewe namba yake isiyojirudia tangu inapoandikwa. Weka safu inayoitwa "Hali". Kitu cha kwanza kabisa programu ifanye, kabla ya kugusa stoo, ni kubadilisha neno "Rasimu" kwenye safu hiyo liwe "Inashughulikiwa". Kitufe kikibonyezwa mara ya pili, programu inasoma hali, inaona siyo rasimu tena, inakataa na kueleza: "Oda hii imeshaanza kushughulikiwa." Ikimaliza inaandika "Imetumwa" pamoja na saa. Ikikwama inaandika ilipokwamia. Faida yake ya pili ni kwamba karani sasa anaona kitu kinabadilika mbele yake mara tu anapobonyeza, kwa hiyo hana sababu ya kurudia. Watu hawabonyezi mara tatu kwa ujinga. Wanabonyeza kwa sababu mfumo umewanyamazia.

Ukimya huo unaumiza zaidi kwenye malipo. Programu nyingi za duka zina kitufe cha kumwomba mteja alipe: unaandika namba yake, unabonyeza, kwenye simu yake linatokea dirisha la M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa linalomtaka aingize namba ya siri. Hapa tujibu wasiwasi wa wengi: kitufe cha muuzaji hakitoi hela kwenye simu ya mteja. Kinapeleka ombi. Anayetoa hela ni mteja mwenyewe anapoingiza namba yake ya siri, na kama dirisha limetokea na hujaagiza kitu, usiingize.

Kwa upande wa muuzaji, majibu yanarudi mara mbili na kwa nyakati tofauti. La kwanza linarudi papo hapo: "Ombi limepokelewa." Maana yake ni kwamba mtandao wa simu umelipata ombi lako, basi. La pili linakuja baadaye, baada ya mteja kuingiza namba ya siri, kukataa, au kuchelewa mpaka muda ukaisha. Hilo la pili ndilo linalosema kama hela imeingia. Programu iliyotengenezwa vibaya inaonyesha alama ya kijani kwenye jibu la kwanza, muuzaji anatoa mzigo, na jioni hesabu hazikai. Kabla ya kununua programu yoyote yenye kitufe cha malipo, muulize muuzaji wake swali moja: mteja akipuuza lile dirisha, skrini yangu itaandika nini, na baada ya muda gani? Akisitasita, usilipe siku hiyo.

Mpango wa aina hii ndio unaofanya kazi hata kwenye malipo ya serikali. Mfumo wa GePG, ulioanza kutumika 2017, unapokea bili kutoka kwenye taasisi na kutoa kontroo namba. Mtu analipa benki au kwa simu, kisha GePG inairudishia taasisi taarifa kwamba bili fulani imelipwa. Aliyebonyeza kitufe cha kuomba kontroo namba hajalipa kitu. Ameanzisha tu safari ambayo itakamilishwa na mtu mwingine, mahali pengine, pengine siku nyingine.

Kukiweka mwenyewe

Imani kwamba kazi hii ni ya wataalamu peke yao ina ukweli kidogo na woga mwingi. Kwenye Google Sheets, kwa mfano, unakwenda "Insert", unachagua "Drawing", unachora mstatili na kuuandika "Thibitisha oda". Unaubofya, unagusa vidoti vitatu pembeni yake, unachagua "Assign script", unaandika jina la maagizo yako bila mabano. Kitufe kimekamilika. Maagizo yenyewe yanaandikwa kwenye Apps Script, inayofunguliwa kutoka "Extensions" kwenye jedwali hilohilo, na lugha yake ni JavaScript. Hapo ndipo ugumu ulipo, ila ni ugumu wa kiasi chake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta pale UDOM au CBE anaweza kukuandikia ule mtiririko wa hatua sita, mradi wewe umpe hatua hizo zimeandikwa kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kawaida. Karatasi hiyo ndiyo kazi kubwa. Mwenye duka ambaye hawezi kuiandika hayuko tayari kwa kitufe, na hakuna programu ya bei yoyote itakayomsaidia.

Mara ya kwanza kukibonyeza, Google itakuomba ruhusa, na huenda ikakuonya kwamba haijaithibitisha programu hiyo. Onyo hilo linawatisha watu wakaacha. Kama maagizo umeyaandika wewe au mtu unayemwamini aliyekueleza kila mstari, onyo hilo ni la kawaida. Kama jedwali limetoka kwa mtu usiyemjua, acha palepale, kwa sababu ruhusa unayoombwa inaweza kuwa ya kutuma barua pepe kwa jina lako.

Kuna kikwazo ambacho kwa Dodoma na sehemu nyingi za nchi ni kikubwa kuliko vyote: kitufe cha kuchora kwenye Google Sheets hakifanyi kazi ndani ya programu yake ya simu. Kwenye kompyuta kinaitika, kwenye simu unagusa na hakuna kitu. Biashara zetu nyingi zinaendeshwa kwa simu, kwa hiyo watu wanamaliza wiki nzima wakitengeneza kitu kisha wanavunjika moyo kibandani. Njia ya kupita ipo. Weka kisanduku cha tiki kwenye safu ya mwisho ya kila mstari, na kwenye Apps Script weka kichochezi kinachoitikia pale jedwali linapohaririwa. Karani anaweka tiki kwa kidole, mtiririko unaanza. Zingatia kwamba kichochezi hicho lazima ukisajili kwenye ukurasa wa vichochezi, maana kile kinachokuja chenyewe kwa jina la onEdit hakina ruhusa ya kutuma barua pepe. Watu wengi wanakwama hapo bila kujua kwa nini stoo inapungua vizuri lakini mteja hapati kitu.

Ipo mipaka mingine ya kujua mapema. Maagizo ya Apps Script yanakatwa yakizidi dakika 6. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaweza kuwatumia barua pepe wapokeaji 100 kwa siku kupitia njia hii. Kwa duka la oda 30 kwa siku inatosha kabisa. Kwa anayetaka kuwatangazia bei wateja 2,000 kwa mpigo, haitoshi, na huyo ana jambo jingine la kuangalia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu namba za simu na majina ya wateja wako kuwa taarifa zinazolindwa. Mteja aliyekupa namba ili apelekewe mafuta hajakupa ruhusa ya kila kitu.

Wanaotumia Excel wana historia ndefu zaidi. Lugha ya VBA iliingia Excel mwaka 1993, na vitufe vyake vinavyoendesha makro, yaani maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya faili lenyewe, vipo kwenye kompyuta za wahasibu wengi mpaka leo. Faili lenye makro lihifadhiwe kwa aina ya .xlsm. Ukilihifadhi kama .xlsx, kitufe kitaonekana kipo lakini maagizo yake yatakuwa yamebaki nyuma. Makro pia zimebeba virusi tangu zamani. Kirusi cha Melissa cha 1999 kilisambaa duniani kupitia faili la Word kikijituma chenyewe kwa barua pepe. Ndiyo sababu tangu 2022 Microsoft inazizuia makro kwenye mafaili yaliyotoka intaneti. Mtu akikutumia faili la kukokotoa mishahara lenye kitufe kizuri na kukuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho, mwambie akutumie bila makro.

Na aliyeko kwenye taasisi ya umma asijichukulie hatua peke yake. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeiweka Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo makao yake ni hapahapa Dodoma, kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Kitufe kinachogusa taarifa za wananchi kipitie kwenye kitengo chenu cha TEHAMA.

Nani abonyeze

Nimesema kitufe ni mahali pa uamuzi. Basi uamuzi una mwenyewe. Karani anaweza kuthibitisha oda ya fedha taslimu. Kumpa mteja mzigo wa mkopo ni uamuzi wa mwenye mali, kwa hiyo kitufe "Idhinisha mkopo" kisionekane kabisa kwenye skrini ya karani. Programu kubwa za biashara kama Odoo na ERPNext zina mpangilio wa kuonyesha kitufe kwa watu fulani na oda ikiwa katika hali fulani tu. Kwenye jedwali unaweza kufunga safu ya idhini ihaririwe na akaunti moja pekee. Programu iandike pia nani alibonyeza na saa ngapi. Rejista hiyo inamlinda karani kuliko inavyomlinda bosi, kwa sababu siku mzigo ukipotea, aliyeidhinisha ataonekana, na lile neno la "mfumo ndio umekosea" halitamwangukia aliye chini.

Jina la kitufe nalo ni sehemu ya uamuzi. "Sawa" na "Tuma" hayamwambii mtu anaridhia nini. "Thibitisha oda na umtumie mteja ankara" ni refu, na nalipenda hivyohivyo. Dirisha la kuuliza "Una uhakika?" liwekwe kwa uchache, maana watu wanazoea kugusa "Ndiyo" bila kusoma. Likiwekwa, lirudie namba zenyewe: "Unamtumia mteja ankara ya madumu 20, jumla shilingi 1,740,000. Endelea?" Aliyeandika 200 kwa bahati mbaya ataliona kosa lake hapo.

Kuhusu ajira, nitasema ninachokiamini. Kinachoondoka ni kuandika upya jina la mteja kwenye karatasi nne. Karani aliyekuwa akifanya hivyo anabaki na kazi ambayo kitufe hakiwezi: kujua kwamba hoteli hii huwa inaagiza madumu 5 na leo imeagiza 20, akapiga simu kuuliza kabla ya kubonyeza. Bosi anayemwondoa huyo na kumwachia kitufe mtu asiyewajua wateja atalipa zaidi ya mshahara aliookoa.

Kwa upande mwingine, usigeuze kila kitu kuwa kitufe. Muhtasari wa mauzo ya siku hauhitaji uamuzi wa mtu, uweke ujitume kila siku saa mbili usiku. Taarifa kwamba madumu yamebaki chini ya 30 ijitume yenyewe pia, kwa sababu siku ambayo mtu atasahau kubonyeza ndiyo siku stoo itakapokauka. Skrini yenye vitufe kumi na viwili inamchosha karani, na hatimaye anarudi kwenye daftari.

Kabla ya kuanza rasmi, tengeneza nakala ya jedwali, weka barua pepe yako mwenyewe mahali pa barua pepe ya mteja, kisha jaribu kukosea kwa makusudi: acha bei wazi, andika idadi kwa maneno, agiza zaidi ya stoo, bonyeza mara tano mfululizo, zima data katikati. Kila kosa utakalolipata hapo ni ankara mbaya ambayo haikumfikia mtu.

Hakikisha pia kwamba jedwali, maagizo na vichochezi viko kwenye akaunti ya biashara, yenye nywila unayoijua wewe mwenye mali. Kichochezi kilichosajiliwa kwenye Apps Script kinafanya kazi kwa akaunti ya aliyekisajili. Kijana aliyekutengenezea akiondoka na akaunti yake ikafungwa, tiki zitaendelea kuwekwa kwenye mistari kama kawaida, na hakuna ankara itakayotoka.